Liemba: Meli Iliyotunzwa na Kazi

Mwaka 1913, katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, kaskazini magharibi ya Ujerumani, mafundi waliunda meli nzima, wakaikagua, kisha wakaanza kuifungua. Haikuwa na kasoro. Tangu ilipoagizwa ilijulikana kwamba haitaelea katika mto Ems unaopita hapo, wala haitaonja maji ya chumvi. Ndiyo maana mabamba yake ya chuma yalishikizwa kwa boliti tu. Kila kipande kilipigwa namba, boliti zikafunguliwa, na meli ikaingia kwenye makasha yapatayo 5,000. Makasha yakavushwa bahari kutoka Hamburg hadi Dar es Salaam. Huko yakapandishwa kwenye mabehewa na kuanza safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kwenda Ziwa Tanganyika, mahali ambapo hakuna meli ya baharini inayoweza kufika kwa kupita majini.

Meli hiyo ndiyo tunayoiita leo MV Liemba. Imezama mara mbili na kuibuliwa mara mbili. Imebeba askari wa Kaisari, maofisa wa kikoloni, magunia ya dagaa na wakimbizi wa vita vya nchi jirani. Mara nyingi hutajwa kuwa ndiyo meli ya mwisho ya kivita ya Kaisari wa Ujerumani iliyobaki kufanya kazi. Wapenzi wa meli za kale walikuwa wakivuka mabara kuja kuipanda, na wengi wao walishangaa kuikuta imejaa watu ambao hawakujua kwamba wamepanda kitu cha makumbusho. Mshangao huo ndio unaofungua historia yake, kwa sababu waliomfanya Liemba adumu si watu wa makumbusho. Ni hao waliopanda na magunia yao.

Meli za kubebwa mgongoni

Wazo la kuunda meli Ulaya, kuivunja na kuiunda upya katikati ya Afrika halikuanzia Papenburg. Maziwa makuu yako bara, mito inayotoka humo imejaa maporomoko, na aliyetaka meli kubwa ziwani ilimlazimu kuipitisha nchi kavu. Kisumu, ambayo wakati huo iliitwa Port Florence, ilishuhudia meli William Mackinnon ikishushwa Ziwa Viktoria mwaka 1900 baada ya vipande vyake kusafirishwa kutoka Uskochi. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa zamu ya Chauncy Maples katika Ziwa Nyasa. Hiyo ilikuwa meli ya wamisionari wa UMCA, wale wale waliojenga kanisa kuu la Mkunazini Unguja, nao waliipa jina la askofu wao aliyezama katika ziwa hilo mwaka 1895. Boila lake halikuweza kugawanywa. Lilifungwa magurudumu na kuvutwa kwa kamba na Wangoni wapatao 450, wakikata njia kadiri walivyokwenda.

Ziwa Tanganyika lilikuwa na shida hiyo hiyo, ila kubwa zaidi. Kwa urefu linayashinda maziwa yote ya maji baridi duniani: kilomita 670 hivi, kutoka Burundi upande wa kaskazini hadi Zambia upande wa kusini, na kina chake kinapita mita 1,400. Milima imelibana pande zote mbili, na sehemu nyingi za ufuko hazina hata njia ya mkokoteni. Kwa vizazi vingi watu wa Ujiji walisafiri kwa mitumbwi na mashua za tanga, wakivusha pembe, chumvi, mawese na watumwa. Wajerumani walipoingia walileta meli ndogo, Hedwig von Wissmann, iliyoanza kazi mwaka 1900. Lakini ilikuwa ndogo kwa ziwa kubwa kiasi hicho, hasa kwa dola iliyokuwa ikitazamana na Wabelgiji ng'ambo ya pili.

Reli ndiyo iliyobadilisha hesabu. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na mwezi Februari 1914 ukagusa ziwa huko Kigoma. Wajerumani waliiacha Ujiji, bandari maarufu ya misafara, kwa sababu ghuba ya Kigoma ina kina zaidi na imekingwa na upepo. Reli ikiishia kwenye maji bila meli ya maana, mzigo wa ng'ambo usingefika kwenye behewa. Meli ikaagizwa ili iifaidishe reli, na reli ndiyo iliyowezesha meli kubwa namna hiyo kufika. Kila kimoja kilimsubiri mwenzake.

Meli ilipewa jina la Gustav Adolf von Götzen, mtawala aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906. Yeye ndiye aliyekuwa Dar es Salaam Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905, na chini yake majeshi yalichoma vijiji, mashamba na maghala mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Jina hilo halikuwa la bahati mbaya. Lilikuwa tangazo.

Ribiti kwa ribiti

Kigoma ya mwaka 1914 haikuwa na karakana ya meli. Kampuni ya Meyer iliwatuma mafundi wake watatu wakiongozwa na Anton Rüter. Wao pamoja na mafundi wa Kihindi na vibarua wengi wa Kiafrika walianza kwa kujenga chelezo ufukweni, kisha wakafungua makasha na kutafuta namba. Kwanza ukalazwa mkuku, kisha yakasimamishwa mataruma ya chuma, halafu mabamba ya ubavuni yakaanza kupanda moja juu ya jingine.

Safari hii hapakuwa na boliti za muda. Mabamba yaliunganishwa kwa ribiti, na kazi ya ribiti ina mpango wake. Mmoja hukaa kwenye tanuri dogo akivukuta mpaka ribiti iwe nyekundu. Huichomoa kwa koleo na kuikabidhi haraka kwa mwenzake, naye huitumbukiza kwenye tundu lililopita mabamba mawili. Mtu wa ndani hukandamiza kichwa cha ribiti kwa chuma kizito, na wa nje huigonga ncha kwa nyundo mpaka itandazike. Kisha wote huiacha. Chuma kinapopoa hujikunja, na katika kujikunja huyavuta mabamba mawili yabanane mpaka maji yasipate pa kupita. Fundi akichelewa kidogo ribiti hupoa kabla ya kugongwa sawasawa, na mahali hapo patavuja. Kwa meli yenye urefu wa mita 71 hivi na upana wa mita 10, kitendo hicho kilirudiwa maelfu kwa maelfu ya mara, juani, na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuona meli ya chuma ikiundwa.

Kazi ilikuwa haijafika mbali Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914. Meli iliyokusudiwa kubeba abiria na shehena ikageuka kuwa silaha kabla hata ya kulowa. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, na katikati ya mwaka huo ikaanza safari. Hakukuwa na chombo kingine ziwani kilichoikaribia kwa ukubwa. Iliweza kuchukua askari wapatao 900 kwa mkupuo mmoja kati ya Kigoma na Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, safari ambayo kwa miguu ingekula wiki kadhaa.

Mwezi Julai mwaka huo manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamizwa katika delta ya Rufiji. Wajerumani waliopoa mizinga yake, wakaitawanya nchi nzima, na mmoja wa milimita 105 ukasafirishwa hadi Kigoma na kufungwa kwenye Götzen. Kwa hiyo silaha ya bahari kuu ikaishia kwenye ziwa lililo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 770.

Vita ambavyo Götzen hakuvipigana

Waingereza walijibu kwa mpango uliofanana na ndoto. Walitwaa maboti mawili ya injini yenye urefu wa mita 12 hivi, Mimi na Toutou, wakayapeleka kwa meli hadi Cape Town na kwa treni hadi Katanga. Kutoka hapo matrekta ya mvuke na ng'ombe waliyaburuza kuvuka milima ya Mitumba, kisha yakaendelea kwa reli na kwa mto Lualaba mpaka ufuko wa Kongo, mahali ilipo Kalemie ya leo. Kiongozi wao alikuwa Geoffrey Spicer-Simson, ofisa aliyekuwa na majivuno mengi kuliko ushindi.

Hata hivyo maboti yake yalikuwa mepesi na ya kasi. Tarehe 26 Desemba 1915 yaliiteka Kingani, meli ndogo ya Kijerumani. Tarehe 9 Februari 1916 yakaizamisha Hedwig von Wissmann. Wajerumani walikuwa hawajafahamu ni nini kilichozimeza meli zao. Siku iliyofuata Götzen yenyewe ikajitokeza ikimtafuta mwenzake, na Spicer-Simson akakataa kutoka. Mzinga wa Königsberg ungeyasambaratisha maboti yake kabla hayajaikaribia.

Kwa hiyo meli kubwa kuliko zote ziwani ilipita vita hivyo bila kupambana uso kwa uso na adui majini. Kilichoimaliza kilitokea angani na nchi kavu. Mwezi Juni 1916 ndege za Wabelgiji zilianza kuangusha mabomu Kigoma. Hazikuharibu sana, lakini mzinga mkubwa ulikuwa umeshaondolewa melini kwenda kusaidia vita vya nchi kavu, na mahali pake pamewekwa gogo lililochongwa ili kuwatisha watazamaji wa mbali. Majeshi ya Wabelgiji yalikuwa yakishuka kutoka Rwanda na Burundi, na reli ilikuwa karibu kukatwa nyuma ya mji. Kamanda wa majini, Gustav Zimmer, akatoa amri ya kuizamisha.

Walioizamisha ndio hao hao walioiunda. Rüter na wenzake hawakutega baruti ndani ya mashine. Walipaka grisi nzito kila sehemu ya injini, wakapakia mchanga, na tarehe 26 Julai 1916 wakaiachia maji iende chini taratibu, ikiwa imesimama wima. Askari hutekeleza amri ya kuzamisha kwa kuharibu. Mafundi hawa waliitekeleza kwa kuhifadhi, wakitumaini kwamba siku moja Ujerumani itarudi kuiopoa. Ujerumani haikurudi, lakini grisi yao ilibaki mahali pake.

Kuibuka

Wabelgiji waliishika Kigoma na kuiinua meli. Hawakudumu nayo, maana dhoruba iliirudisha chini. Mkataba wa amani ulipoiweka Tanganyika chini ya Uingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, tatizo la reli lilikuwa lile lile la mwaka 1914. Njia ya chuma ilifika ziwani na kukoma. Kuagiza meli mpya kulikuwa na gharama kubwa, na chini ya maji ya Kigoma kulikuwa na meli.

Tarehe 16 Machi 1924 ilielea tena. Wahandisi walipofuta matope wakaingia chumba cha injini, walikuta kwamba grisi ilikuwa imefanya kazi yake. Injini na maboila, vilivyokuwa vimekaa majini kwa sehemu kubwa ya miaka minane, vilifaa kutumika. Maji baridi ya ziwa yalisaidia, kwani chumvi ya bahari ingekwisha kuvila. Matengenezo yaliendelea hadi 1927, na tarehe 16 Mei mwaka huo meli ikarudishwa kazini kwa jina jipya la Liemba, ambalo David Livingstone aliliandika miaka ya 1860 kama jina la ziwa alilolisikia kwa watu wa ufuko wa kusini.

Kutoka hapo historia yake inapoteza mizinga na kupata ratiba. Ilikuwa chini ya reli ya Tanganyika, kisha chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 ikabaki mikononi mwa Tanzania. Mwandishi wa Kiingereza C. S. Forester alichota kisa cha vita vya ziwa hili katika riwaya ya *The African Queen* ya mwaka 1935, na filamu yake ya 1951 ikaueneza dunia nzima uvumi wa meli ya Kijerumani katikati ya Afrika. Kule Karema na Kirando, ufukweni mwa ziwa lenyewe, filamu hiyo haikubadilisha chochote. Watu walijua siku ambayo meli inapita, na hiyo iliwatosha.

Katika miaka ya 1970 mvuke ulitoka. Injini zile zilizopakwa grisi na Rüter zikang'olewa na mahali pake zikafungwa za dizeli. Mwaka 1993, kwa msaada wa Denmark, ukafanyika ukarabati mwingine mkubwa. Mpenzi wa meli za mvuke atasikitika, na ana haki. Lakini boila hudai mafuta au kuni nyingi, muda mrefu wa kuwashwa, na watu wa kulihudumia mchana na usiku. Meli iliyotakiwa kwenda na kurudi kila wiki bila msaada wa mfadhili wa makumbusho haikuweza kuendelea kulilisha.

Vita navyo havikuisahau. Mwaka 1997, baada ya Mobutu Sese Seko kuangushwa, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliikodi Liemba kuwarejesha Wakongo kwao. Kwa muda wa miezi mitano ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira na kubeba watu zaidi ya 75,000. Mwaka 2015, machafuko ya Burundi yalipowasukuma maelfu ya watu mpaka kijiji cha Kagunga, penye ufuko mwembamba uliobanwa na mlima, barabara ya kuwaondoa haikuwapo. Liemba ilitia nanga mbali kidogo, maboti yakawaleta watu ubavuni mwake, na ikawapeleka Kigoma. Meli iliyoundwa kwa fahari ya gavana ilifanya kazi yake nzito kuliko zote kwa watu waliokimbia bila viatu.

Safari ya kwenda Mpulungu

Kwa miaka mingi Liemba iliondoka Kigoma Jumatano alasiri, ikafika Mpulungu Ijumaa asubuhi, na kurejea Kigoma Jumapili. Mpulungu ni bandari pekee ya Zambia, kwa hiyo safari hiyo iliunganisha reli ya Tanzania na masoko ya kusini. Aliyetaka kuipanda kutoka Dar es Salaam aliweza kufuata njia yenyewe ya makasha: treni ya Reli ya Kati mpaka stesheni ya Kigoma, jengo la Wajerumani ambalo bado linaitazama ghuba, kisha mwendo mfupi wa kuteremka bandarini.

Abiria wa daraja la kwanza alipata kijichumba cha vitanda viwili, chenye kidirisha cha duara na feni iliyofanya kazi ilipopenda. Wa daraja la tatu alipata nafasi aliyoiwahi mwenyewe. Chini kulikuwa na ngama, na mbele winchi ya kupakia. Anayetafuta umri wa meli alihitaji kupapasa tu ukuta wa ubavuni. Chini ya rangi iliyopakwa tabaka juu ya tabaka, vichwa vya ribiti vilikuwa vimejipanga kwa safu, vile vile vilivyogongwa kwa nyundo mwaka 1914.

Meli ikiisha kutoka Kigoma, milima ya Mahale ilisogea upande wa mashariki, na vituo vikaanza kufuatana: Lagosa, Kalya, Ikola, Karema, Kirando, Kipili, Kasanga. Vingi kati yake kwa muda mrefu havikuwa na gati. Meli ilipunguza mwendo mbele ya kijiji, mara nyingi usiku wa manane, na kupiga honi. Taa za karabai za wavuvi wa dagaa zilionekana mbali, kisha zikasikika kelele karibu, na katika dakika chache ubavu mzima ulikuwa umezungukwa na maboti yanayogongana. Mlango wa pembeni ulifunguliwa juu kidogo ya maji. Mama alipandisha mtoto kwanza, akapokewa na mikono ya watu asiowajua. Kikafuata kikapu cha migebuka iliyokaushwa. Kisha yeye mwenyewe, akikanyaga ukingo wa boti linaloyumba. Wakati huo huo wanaoshuka walikuwa wakisukumana kutoka nje, godoro kichwani na baiskeli begani. Kule mbele winchi iliinua magunia ya mahindi ndani ya wavu, na karani akipiga hesabu kwa tochi. Ikimalizika, honi ilipigwa tena, mlango ukafungwa, na boti la mwisho likaachia kamba meli ikiwa imeshaanza kwenda.

Mgeni aliyekuja kwa ajili ya historia alisimama kwenye ukingo wa sitaha akipiga picha. Wenzake walikuwa wakiulizana bei ya mchele Kasanga.

Wenzake wa rika moja

Inafaa kuilinganisha Liemba na meli za umri wake zinazotembelewa na watalii mahali pengine. Uswisi, katika Ziwa Lucerne, meli ya magurudumu Gallia ya mwaka 1913 bado inakwenda kwa mvuke, na abiria husimama juu ya chumba cha injini wakitazama mikono ya chuma ikipanda na kushuka. Norway, katika Ziwa Mjøsa, Skibladner imekuwa ikifanya safari tangu 1856. Wote hawa wametunzwa kwa makusudi. Watu waliamua kwamba mvuke wenyewe ni mali, wakatafuta fedha za kuuendeleza.

Anayefanana zaidi na Liemba yuko New Zealand. Earnslaw iliundwa Dunedin, ikavunjwa, ikapakiwa kwenye treni mpaka mwisho wa reli huko Kingston, na kuundwa upya ufukweni mwa Ziwa Wakatipu. Ilianza safari mwaka 1912. Nayo ilikuwa mali ya shirika la reli, nayo ilibeba kondoo, ng'ombe na watu wa mashamba yaliyokosa barabara. Barabara zilipofika, kazi hiyo ilikwisha, na mwishoni mwa miaka ya 1960 meli ilikuwa ukingoni mwa kustaafishwa. Kampuni ya utalii ikaikodi mwaka 1969. Leo wageni huipanda Queenstown, hutazama vijana wakitupa makaa ya mawe kwa sepetu ndani ya tanuri, huimba kandokando ya piano, na kurejea mjini. Earnslaw ilipoteza shehena ikabaki na mvuke. Liemba ilipoteza mvuke ikabaki na shehena.

Ulinganifu huo ni wa manufaa sasa kuliko zamani, kwa sababu Liemba imefika mahali ilipokuwa Earnslaw. Barabara za lami zimesogea kupitia Sumbawanga na Mpanda, na mfanyabiashara wa mahindi ana lori. Injini zilichoka, meli ikakaa gatini Kigoma kwa miaka, na serikali ikaingia kwenye ukarabati mwingine mkubwa. Nyakati mbalimbali yamesikika mapendekezo ya kuigeuza makumbusho, na Ujerumani pia kumekuwa na watu waliotaka isaidiwe kama urithi wa pande mbili.

Kuiweka makumbusho kungeonekana kuwa heshima, lakini meli ya chuma haiachi kudai gharama inapofungwa kamba. Kutu haijali kama injini inazunguka. Rangi, pampu za maji, mlinzi na chelezo vinahitaji fedha kila mwaka, na abiria hayupo tena wa kuzitoa. Zaidi ya hapo, kila mara Liemba ilipookolewa, iliokolewa na mtu aliyekuwa na mzigo wa kuvusha. Waingereza hawakuiopoa mwaka 1924 kwa mapenzi ya historia, walihitaji meli. Denmark haikugharamia ukarabati wa 1993 kwa ajili ya vichwa vya ribiti. Vijiji vilihitaji usafiri. Vijiji vilivyo chini ya milima ya Mahale bado vinahitaji.

Kwa hiyo njia inayoelekea kuifaa ni ile ya kati, ambayo Earnslaw haikuwa na nafasi ya kuifuata: vijichumba vya daraja la kwanza viuzwe kwa bei ya watalii wanaotoka Ulaya kuja kulala juu ya historia, na sitaha ya chini ibaki na nauli ya mwanakijiji. Watalii hao hawatavunjika moyo kukuta magunia. Wengi hutoka kwao wakiwa wamechoshwa na meli za piano. Lakini wao na wenye magunia wanataka kitu kimoja ambacho rangi mpya pekee haiwezi kuwapa, nacho ni ratiba inayoaminika. Ikitangazwa Jumatano alasiri, ing'oe nanga Jumatano alasiri. Ukarabati wowote wa Liemba utapimwa kwa hilo.